Msimulizi Akinyamaza: Istilahi za Mwanzo kwa Mwandishi wa Muswada wa Filamu

Kijana wa Iwawa, Njombe mjini au Makambako anayetaka kuandika filamu hakosi hadithi. Makambako ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA inapita papo hapo. Stendi yake haiishi watu wenye habari: madereva wa malori, wachuuzi wa viazi, wanafunzi wanaorudi shule, wajane wanaofuatilia mirathi. Njombe kuna chai, parachichi na mashamba ya miti ya mbao, na penye shamba hapakosi ugomvi wa mpaka. Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, kuna baridi kali na desturi ya siku nyingi ya vijana kuondoka kwenda kutafuta biashara mijini. Anaondoka mmoja, anabaki mwingine akimsubiri, na hapo tayari filamu imeanza.

Wala hakosi istilahi. Aliyefika kidato cha nne amekaririshwa fani na maudhui, dhamira, migogoro, wahusika, mandhari na msuko wa matukio. Tatizo ni upande aliozisomea. Amezisoma kama mkaguzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa. Mtihani humwuliza mwandishi ametumia mbinu gani. Haumwulizi yeye angeanzia wapi, angemnyima nini mhusika wake, au angekata hadithi mahali gani. Siku anayoshika kalamu kuandika filamu yake, maneno yale yote anayafahamu, ila hayamsaidii kuandika ukurasa wa kwanza.

Njia fupi ya kuzigeuza istilahi hizi ziwe zana za kujengea ni kuzitazama kama kazi zilizoachwa wazi na mtu mmoja: msimulizi. Katika ngano, msimulizi hufanya kila kitu kwa sauti yake. Filamu imemnyamazisha. Kazi zake, hata hivyo, lazima zifanywe, na kila istilahi ya uandishi wa muswada ni jina la kazi mojawapo aliyokuwa akiifanya. Mwanafunzi akijua ni kazi ipi, anajua pia istilahi hiyo inadai nini kwenye karatasi.

Sauti tuliyoizoea

Fanani anapoanza "hapo zamani za kale palikuwa na mtu", ametupa wakati, mahali na mhusika kwa pumzi moja. Akisema "moyoni alikuwa na kinyongo", tumeingia kifuani mwa mtu bila kubisha hodi. Akisema "basi siku moja", tunajua mambo yanaanza kuharibika. Akisema "kumbe", anafunua siri. Mwishoni anatuambia hadithi yake inatufundisha nini. Hadhira ya Kiswahili imelelewa na sauti hiyo jikoni, kisha ikaikuta tena kwenye redio.

Hata sinema za kigeni zilipoingia kwenye vibanda vya video, sauti hiyo iliingia nazo. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, akisimulia kwa Kiswahili filamu za nje, akieleza nani ni nani, anawaza nini na kwa nini anakimbia. Uganda wasimulizi wa aina hiyo huitwa maviijei na wana mashabiki wao. Watu walilipia picha, na walilipia pia mtu wa kuwaeleza picha.

Filamu zetu wenyewe zilipochangamka baada ya Girlfriend ya 2003, nyingi zilipigwa kwa siku chache, waigizaji wakipewa kiini cha tukio na kujitungia maneno papo hapo. Njia hiyo ilizaa vipaji vikubwa, na mazungumzo yake yalikuwa na ladha ya mtaani isiyopatikana katika kitabu. Ilizaa pia mazoea ya mhusika kukaa kwenye kochi akieleza kwa mdomo mambo ambayo mtazamaji alipaswa kuyaona. Msimulizi alikuwa amefukuzwa mlangoni akarudi kupitia dirishani, safari hii amevaa mavazi ya mhusika.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa ya muswada ni hii: andika kinachoonekana na kinachosikika, basi. "Neema ni msichana aliyepitia shida nyingi na bado anamkumbuka marehemu baba yake" ni sentensi njema katika riwaya. Kamera haina namna ya kupiga picha ya "shida nyingi". Inaweza kupiga picha ya msichana aliyevaa koti la kiume linalompita magotini, mikono imekunjwa mara tatu, anayekataa kulivua hata jua linapochomoza. Mtazamaji atauliza mwenyewe koti ni la nani, na akishauliza amekwisha kuingia katika hadithi.

"Palikuwa na mtu": mhusika, lengo na kikwazo

Shuleni tunafundishwa kumgawa mhusika katika sifa: mwaminifu, mlevi, mcha Mungu, msaliti. Sifa hazisogezi filamu. Kinachoisogeza ni lengo, yaani kitu ambacho mhusika anakitaka kwa nguvu hata anatoka nyumbani kukifuata. Lengo zuri la filamu linaonekana kwa macho. "Anataka furaha" halionekani. "Anataka kuzuia malori yasipakie miti ya baba yake Ijumaa" linaonekana, na kila mtazamaji atajua Ijumaa ikifika kama limefanikiwa au limeshindikana.

Lengo likishapatikana, istilahi tatu zinajipanga zenyewe nyuma yake. Kikwazo ni kinachomzuia. Mhusika pinzani ni mtu ambaye lengo lake haliwezi kutimia bila la mwenzake kuvunjika. Hasara ni kile atakachopoteza asipofaulu. Bila hasara ya kweli hakuna anayejali. Na mgogoro, neno tunalolitumia ovyo kumaanisha kelele na makofi, ni kule kukutana kwa lengo na kikwazo. Watu wawili wanaweza kuwa katika mgogoro mkali huku wakikaribishana chai.

Mfano ulio karibu na wengi wetu ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Ngoswe amekwenda kijijini na lengo linalohesabika kabisa, kwa maana halisi: sensa ya watu. Kikwazo chake hakitoki kwa adui mwenye panga. Kinatoka kwa Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kwa moyo wake mwenyewe unaoanza kutaka kitu kingine. Karatasi za sensa zinapoteketea, hakuna haja ya mtu kusimama na kutueleza kwamba uzembe una gharama. Karatasi zimekuwa majivu. Semzaba alitupa lengo tunaloweza kulishika mkononi, ndiyo maana kupotea kwake kunauma.

Waandishi wazoefu hutenganisha pia anachotaka mhusika na anachohitaji. Anachotaka anakijua na anakitamka. Anachohitaji hakijui bado, na pengine anakikimbia. Neema wetu wa kubuni anataka shamba la miti. Anachohitaji ni kuthubutu kusema mbele ya kikao cha ukoo, mahali ambapo tangu utotoni ameketi nyuma na kunyamaza. Filamu inapata uzito pale ambapo hawezi kupata cha kwanza bila kukikabili cha pili.

"Basi siku moja": kichocheo, msuko na kilele

Maneno "basi siku moja" yana jina katika uandishi wa filamu: kichocheo. Ni tukio linalovunja maisha ya kawaida na kumlazimisha mhusika aanze safari. Kwa Neema, ni siku anapokuta alama za rangi nyekundu kwenye mashina ya miti ambayo baba yake aliipanda mwaka aliozaliwa yeye Neema. Kabla ya hapo alikuwa na maisha. Baada ya hapo ana hadithi. Waanzaji wengi huchelewesha kichocheo kwa sababu wanataka kwanza kututambulisha ukoo mzima, shule aliyosoma, na jinsi wazazi walivyokutana. Mtazamaji anaweza kujua hayo baadaye, akishakuwa na sababu ya kutaka kuyajua.

Msuko ni jinsi matukio yanavyoshikana. Kipimo chake ni rahisi. Simulia filamu yako kwa sauti, na kati ya tukio na tukio sikiliza kiungo unachotumia. Ukisikia "kisha, kisha, halafu", una orodha ya matukio. Ukisikia "kwa hiyo" na "lakini", una msuko. Neema anaona alama za rangi, kwa hiyo anamfuata baba mdogo. Lakini baba mdogo anakana, kwa hiyo Neema anapanda gari la viazi kwenda Makambako kumtafuta mnunuzi. Lakini mnunuzi anamwonyesha hati yenye sahihi ya bibi. Toa tukio lolote hapo katikati, mnyororo unakatika. Tukio linaloweza kutolewa bila mnyororo kukatika halina kazi, hata likiwa na mandhari nzuri ya uwanda wa Kitulo wakati wa maua.

Kuhusu kugawa mnyororo huo katika sehemu kubwa, kuna mabishano ya siku nyingi. Aristotle wa Ugiriki ya kale alisema mchezo una mwanzo, kati na mwisho. Mwaka 1863 Mjerumani Gustav Freytag alichora mpando na mshuko wa tamthilia wenye kilele katikati. Mwaka 1979 Mmarekani Syd Field aliandika kitabu kilichoieneza duniani kote hesabu ya sehemu tatu: kwa muswada wa kurasa 120, kama 30 za kuanzisha, 60 za kupambana, na 30 za kumaliza. Hesabu hiyo huendana na kawaida ya kwamba ukurasa mmoja wa muswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kitaalamu ni kama dakika moja ya filamu.

Je, ni hesabu ya wageni? Kwa sehemu, ndiyo, na hakuna ulazima wa kuikariri kama sala. Ngano zetu zina muundo wake ulio imara: jambo linarudiwa mara tatu na kila mara linazidi uzito, wimbo unaingia pale pale kila mzunguko, na wa tatu ndipo mambo yanapogeuka. Mrusi Vladimir Propp alipochambua ngano za kwao mwaka 1928 alikuta matendo 31 yanayofuatana kwa mpangilio unaojirudia, ishara kwamba wasimulizi wa vijijini walikuwa na ufundi wao kabla ya vyuo vya filamu kuzaliwa. Neema anaweza kubisha milango mitatu: kwa baba mdogo, kwa mnunuzi, kwa bibi. Mlango wa tatu ndio unaofunguka, na nyuma yake kuna jambo baya kuliko alivyotarajia. Huo ni muundo wa ngano, na ukiupima utakuta una mwanzo, kati na mwisho.

Tamthilia za runinga zina hesabu nyingine. Huba na nyingine za chaneli ya Maisha Magic Bongo zimeendelea kwa mamia ya vipindi, kwa hiyo lengo kubwa haliwezi kufungwa mapema. Hapo kila kipindi hudai lengo lake dogo linalofungwa, na jingine linalofunguliwa dakika ya mwisho ili mtu arudi kesho. Anayeanza kuandika ajifunze kwanza filamu fupi ya dakika 10. Ndani yake kuna kichocheo, vikwazo viwili au vitatu, kilele na suluhu, na makosa yake yanaonekana upesi.

Kilele ni pale lengo na kikwazo vinapokutana uso kwa uso bila njia ya kukwepa. Kwa Neema ni kikao cha ukoo, malori yakiwa yamewasha injini nje. Suluhu ni hali mpya inayobaki. Suluhu haimaanishi amani, wala haimaanishi mhusika ameshinda. Inamaanisha swali lililofunguliwa na kichocheo limejibiwa. Mazoea ya miaka fulani ya kuigawa filamu moja katika sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili yaliwaumiza waandishi hapa: kilele kilisogezwa nje ya hadithi, na katikati ikajazwa matembezi ya magari na simu zisizoisha.

Sini: mahali kazi inapofanyika

Vitabu vya tamthilia huiita onyesho. Wanaopiga picha huiita sini. Ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ukibadili mahali au wakati, umeanza sini nyingine. Kila sini hufunguliwa kwa mstari wa kichwa unaotaja mambo matatu: ndani au nje, mahali, na mchana au usiku. Mstari huo umebeba kazi yote ya "hapo zamani za kale palikuwa". Chini yake huja maelezo ya kinachoonekana, kwa wakati uliopo, kisha majina ya wasemaji na maneno yao. Hivi ndivyo inavyokaa:

NDANI. JIKO LA BABA MDOGO, IWAWA – USIKU

Moto wa kuni. Sufuria ya viazi inatoa mvuke. BABA MDOGO (52), koti zito, buti zenye matope, amekaa kwenye kigoda. Mezani: vikombe viwili vya chai, karatasi iliyokunjwa, kalamu. NEEMA (19) anaingia na mzigo wa kuni. Amevaa koti la kiume linalompita magotini.

NEEMA
Shikamoo, baba.

BABA MDOGO
Marahaba, mwanangu. Umechelewa, viazi vimeiva.

Neema anapanga kuni chini, moja moja. Macho yake yako kwenye karatasi.

NEEMA
Mgeni ameshaondoka?

BABA MDOGO
Nani amekwambia kulikuwa na mgeni?

NEEMA
Vikombe viko viwili, baba.

Baba mdogo anaitia karatasi mfukoni. Anachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, anampa Neema kwa mikono miwili.

BABA MDOGO
Kula, mwanangu. Kesho hakuna haja ya kwenda shambani.

Tuikague. Kila mmoja ana lengo lake la sini hii: Neema anataka kujua karatasi ni ya nini, baba mdogo anataka kuificha bila kugombana. Kitu kimebadilika kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho: Neema aliingia na wasiwasi, anatoka na uhakika. Sini isiyobadilisha kitu ifutwe. Angalia pia ilipoanzia na ilipokatika. Hatukumwona Neema akitembea kutoka msituni, wala hatutamwona akimaliza kula. Desturi nzuri ni kuingia kwenye sini kwa kuchelewa na kutoka mapema, jambo ambalo msimulizi wa jikoni alilifanya kwa kusema tu "akaenda, akafika".

"Moyoni alisema": mazungumzo na maana fiche

Hakuna aliyetamka neno "miti" katika sini ile, wala "kuuza", wala "umenisaliti". Hiyo ndiyo maana fiche: kile kinachosemwa chini ya maneno. Imechukua kazi ya msimulizi aliyekuwa akitueleza yaliyo moyoni. Kiazi kikubwa kinachotolewa kwa mikono miwili ni ungamo la mtu anayejua anachofanya. Shikamoo ya Neema ni heshima na ni ngao. Adabu zetu za maongezi, za kutogusa jambo moja kwa moja mbele ya mkubwa, za kuzunguka na kuuliza hali ya mifugo kwanza, ni hazina kwa mwandishi wa filamu. Wapo wanaolalamika kwamba Waswahili hawasemi wazi. Kwa mwandishi wa filamu hilo ni neema tupu: jamii nzima imemfundisha kuandika maana fiche tangu utotoni.

Mazungumzo mabaya hujulikana kwa dalili moja: mhusika anamwambia mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, ili mtazamaji asikie. "Kama unavyojua, kaka, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia shamba hili." Huyo ni msimulizi aliyejificha. Dawa yake ni kutafuta kitu kinachoonekana, kama lile koti, au mtu mgeni ambaye kweli hajui na ana sababu ya kuuliza.

Tofauti hii inaonekana vizuri riwaya inapogeuzwa filamu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inaweza kutuelezea kwa kurasa kadhaa mawazo ya Yasmin aliyeozwa kwa mtu mzima asiyempenda. Amil Shivji alipoifanya filamu, iliyoonyeshwa mwaka 2021 na baadaye kupendekezwa na Tanzania kwa tuzo za Oscar, kurasa hizo za mawazo hazikuwa na pa kukaa. Ilibidi zigeuke nyuso, vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga, muziki na ukimya.

Taharuki, kumbe na turudi nyuma

Fanani mzuri anajua kunyamaza mahali pabaya. Kazi hiyo sasa ni ya taharuki. Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na François Truffaut mwaka 1962, aliitofautisha na mshangao kwa mfano wa bomu chini ya meza. Bomu likilipuka bila taarifa, mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache. Mtazamaji akioneshwa bomu mapema huku walioketi wakiendelea kuzungumza mambo ya kawaida, anahangaika dakika nyingi. Taharuki hutokana na kumpa mtazamaji habari ambayo mhusika hana. Waanzaji wengi huficha kila kitu ili waje na "kumbe" kubwa mwishoni, wakasahau kwamba asiyejua chochote hana cha kuogopa.

Orodha ya Steve Reynolds, tamthilia nyingine ya shuleni, ina somo zima la taharuki. Furaha amekufa kwa UKIMWI na ameacha orodha isomwe mazikoni. Wanaume kadhaa wa kijiji wanahofu majina yao yamo. Karatasi moja, na kila mtu ana lengo juu yake. Tamthilia inarudi nyuma kutuonyesha maisha ya Furaha huku tukijua mwisho wake. Hiyo ndiyo mbinu rejeshi katika matumizi yake sahihi: tunarudi nyuma kwa sababu sasa kuna swali linalotudai kurudi. Mbinu rejeshi inayoletwa tu kwa sababu mwandishi alisahau kutueleza jambo mapema huivunja filamu mgongo. Na orodha inaposomwa, yaliyomo si majina waliyoyahofu, ni mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Mshangao umekuja, ila umelipiwa na hofu ya mchezo mzima.

"Hadithi hii inatufundisha": dhamira na mabadiliko ya mhusika

Hapa ndipo msimulizi wetu ni mgumu kunyamaza. Tumezoea hadithi iishe kwa funzo, na wafadhili wengi wa kazi za sanaa hutaka funzo liwe limeandikwa kwa herufi kubwa. Dhamira katika filamu haihubiriwi. Inatokana na nani alifanya uamuzi gani, na uamuzi ulimfikisha wapi.

Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania Julai 1993, ulijengwa kwa hekima hiyo. Ulifuata njia iliyobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico miaka ya 1970, yenye wahusika wa aina tatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wa katikati ambao hubadilika. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, alikuwa wa kuepukwa. Mkewe Tunu alikuwa wa katikati: alianza akivumilia, akaishia kujisimamia. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995 ili watafiti, akiwamo Everett Rogers, walinganishe. Maeneo yaliyousikia yalionyesha ongezeko la matumizi ya uzazi wa mpango. Wasikilizaji walimfuata Tunu kwa sababu walimwona akibadilika hatua kwa hatua, kila hatua ikimgharimu kitu.

Kwa Mkoa wa Njombe jambo hili si la nadharia. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliuweka mkoa huu juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, na Makambako iko kwenye njia ya malori, mazingira ya mtu kama Mkwaju. Mwandishi wa hapa atakayetaka kugusa jambo hilo ana kielelezo: mabadiliko ya mhusika, yaani tofauti kati ya mtu tuliyekutana naye mwanzo na anayebaki mwisho. Mhusika asiyebadilika anaweza kusimama pia, ikiwa kutobadilika kwake kunapimwa vikali. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, vita vilivyofika hadi Ubena, hapa hapa Njombe, kwenye misheni ya Yakobi mwaka 1905, anakataa mwishoni kuyakana maji ya dawa ya vita ingawa yamewaponza watu wake. Mgogoro wake uko ndani ya nafsi, na bado tunauona, kwa sababu mwandishi amemweka mahali ambapo lazima atamke au akatae kutamka.

Karatasi zinazotangulia

Kabla ya muswada kuna karatasi fupi ambazo watayarishaji huzidai. Ya kwanza ni sentensi moja inayobeba filamu nzima: mhusika, lengo, kikwazo, hasara. Kwa mfano wetu: binti yatima wa Iwawa ana siku nne za kumzuia baba yake mdogo asiuze shamba la miti aliloachiwa na marehemu baba yake, kabla malori ya mnunuzi kutoka Makambako hayajafika. Sentensi ikigoma kuandikika, tatizo halipo katika lugha, lengo halijapatikana. Ya pili ni muhtasari wa ukurasa mmoja wenye mwisho wake, kwa sababu mtayarishaji si mtazamaji wa kufichwa. Ya tatu ni orodha ya sini, mstari mmoja kwa kila sini. Muswada huja baada ya hizo, na huandikwa upya mara nyingi.

Karatasi hizi zina uzito wa kisheria pia. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kupiga filamu Tanzania hudai kibali, na Bodi ya Filamu huitazama kazi kupitia muswada wake. Nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, hailindi wazo tupu. Hulinda kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo. Anayesimulia wazo lake stendi ya Makambako amelitoa sadaka. Aliyeliandika sini kwa sini ana kitu cha kudai.

Je, tumfukuze msimulizi kabisa?

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanaiua sanaa yetu, kwamba sauti ya msimulizi ndiyo Uafrika wenyewe. Wana haki kwa kiasi. Filamu inaweza kuwa na sauti ya msimulizi ikawa nzuri, ilimradi sauti iseme kitu ambacho picha haikisemi, au hata ibishane nayo. Baba mdogo akisimulia kwamba alimlea Neema kama mwanawe, huku picha ikimwonyesha akihesabu noti, msimulizi amerudi na kazi mpya. Ila huyo ni msimulizi aliyechaguliwa kwa makusudi. Tofauti yake na yule anayeteleza mdomoni mwa wahusika ni kubwa, na mwandishi hawezi kumchagua kabla ya kujua kuandika bila yeye.

Ndiyo maana naamini istilahi zisifundishwe zote kwa mkupuo. Tatu zatosha kuanzia: lengo, kikwazo, sini. Klabu ya wanafunzi Iwawa au Makambako inaweza kuchukua ngano moja waliyoisikia kwa bibi, wakafuta kila neno ambalo ni la msimulizi pekee, wakatazama kilichobaki. Pale patakapokuwa na pengo, wajiulize ni nini cha kuonekana au kusikika kitakachokaa hapo. Wakijibu pengo la kwanza watakuwa wamebuni kichocheo. La pili, maana fiche. La tatu, taharuki. Istilahi zilizobaki watazikuta njiani, kila moja ikiwa jibu la shida waliyokwisha kuionja. Mwandishi aliyejifunza hivyo hatahitaji kuambiwa filamu za Njombe zifanane na za Lagos au Mumbai. Atakuwa na ufundi wa kuzifanya hadithi za kwao zisimame zenyewe kwenye kioo, zieleweke na mtu asiyewahi kufika Makete, bila mtu yeyote kusimama pembeni kuzieleza.